Kiti ni cha Kuinukia: Wasifu wa Bi Tena

Marehemu tunayemzika leo, Alhamisi tarehe 20 Juni 2024, alikuja duniani tarehe 9 Septemba 1957, saa moja asubuhi, wiki tatu kabla ya siku aliyotarajiwa. Hakumsubiri hata mkunga. Mkunga alikuwa bado ananawa mikono uani, na aliyekuwepo kumdaka alikuwa dada yake mkubwa, mwenye miaka minane, aliyetumwa chumbani kupeleka beseni. Mkunga alipoingia akakuta beseni chini na mtoto mikononi mwa mtoto. Akaiangalia ile miguu inavyorushwa, akasema, "Huyu ana safari zake. Mfungeni vizuri." Wakamfunga vizuri. Miguu ikatoka.

Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Baba alikuwa fundi rangi, mtu wa kwenda kazi za mbali na kurudi na nywele nyeupe kabla ya uzee. Mama alikuwa mshona nguo. Mama alifariki tarehe 2 Aprili 1962, marehemu akiwa na miaka minne na nusu, akaacha watoto wawili na cherehani moja ya miguu. Dada mkubwa, aliyekuwa darasa la tatu, akaacha shule siku hiyo hiyo na hakurudi. Hakuombwa na mtu. Aliona kwamba kuna mtoto wa kulishwa na kuna mashine haina wa kuikanyaga, basi akakaa kwenye kile kiti cha mama. Mengine yote yanayosomwa hapa yametokana na kiti hicho.

Marehemu alianza shule mwaka 1965 akamaliza darasa la saba mwaka 1971. Akili alikuwa nayo, tatizo lilikuwa makalio. Hayakukaa. Mwalimu wa darasa alimwambia dada mkubwa, "Mdogo wako anajua hesabu zote, lakini anazifanya akiwa amesimama, na watoto wa nyuma hawaoni ubao." Wakampa kazi ya kupeleka rejista ofisini, kuleta chaki, kupiga kengele, kufuta ubao wa madarasa yote. Alipomaliza darasa la saba alikuwa ametembea ndani ya shule ile kuliko mwalimu mkuu. Nafasi ya sekondari hakuipata. Alilia siku mbili akizunguka nyumba, na siku ya tatu dada mkubwa akamshika mkono akamkalisha kwenye cherehani. Akamwambia, "Mguu wako hautulii? Basi uweke hapo kwenye pedali, utushonee." Ndivyo alivyoanza kazi, Januari 1972.

Na alishona. Msimsikie mtu anayesema marehemu alikuwa fundi wa kawaida. Alikuwa anamtazama mtu anavyoingia mlangoni, na kabla hajatoa tepu ameshajua bega lipi liko chini ya jingine. Chaki ya fundi, ile bapa ya bluu, haikutoka sikioni kwake. Alishona sare, mapazia, suti za harusi na za mazishi, na mwaka 1988 alishona vitambaa vya viti vyote vya ukumbi mmoja mkubwa, viti mia mbili na arobaini, akiwa amekaa kwenye kimoja. Miaka thelathini na nane. Alikuja kusema baadaye kwamba miaka hiyo yote ni mguu mmoja tu uliokuwa hai. Dada mkubwa alipolisikia neno hilo lilimchoma, na hajalisahau.

Aliolewa tarehe 3 Februari 1979 na fundi saa aliyekuwa na meza yake mkabala na duka la ushonaji. Bwana harusi alichelewa saa nzima na dakika ishirini. Alikuwa na saa kumi na mbili za wateja mezani, kila moja na wakati wake, akaiamini isiyofaa. Marehemu hakukasirika. Muda wote ule alikuwa nje, na gauni lake, anapima barabara kwa hatua. Mume alikuwa mtu mkimya, mwenye subira, anayeweza kukaa tangu asubuhi hadi jioni akihangaika na skrubu moja, na ndiye mtu pekee aliyewahi kumtuliza. Walijaliwa binti mwaka 1980 na mtoto wa kiume mwaka 1984. Mume alifariki tarehe 27 Agosti 2007.

Baada ya hapo marehemu alikaa. Neno hilo lisomwe jinsi lilivyo, alikaa. Alikuwa anaamka anakaa, anashona amekaa, anakula hapo hapo mashineni, watoto wamekwenda kujitegemea. Dada mkubwa alihamia kwake mwezi wa Oktoba. Dada mkubwa hakuolewa, na hilo si la kuulizwa hapa. Alipika, akapakua, akaongeza, akaona mdogo wake ananenepa akashukuru Mungu kwamba amepoa. Kuvimba miguu, presha, sukari, kupumua kama mtu aliyebeba gunia, yote hayo dada mkubwa aliyaita utu uzima.

Tarehe 11 Mei 2010, marehemu akiwa na miaka hamsini na miwili, alipeleka gauni la harusi kwa mteja aliyekuwa karani ghorofa ya nne ya jengo la ofisi. Lifti ilikuwa mbovu. Alipanda ngazi na gauni begani. Ghorofa ya pili akakaa. Akajaribu kuinuka, akakaa tena. Mfagizi wa jengo akamkuta pale, jasho linamtoka, gauni amelinyanyua juu lisiguse sakafu.

"Mama, nikuitie mtu?"

"Usiniitie mtu, chukua gauni. Lipeleke juu. Mimi nitalisubiri jibu hapa."

Gauni likapanda bila fundi wake. Bibi harusi akalijaribu bila fundi wake. Akatuma neno kwamba pindo limezidi kidogo upande wa kushoto, na marehemu hakuweza kupanda kwenda kuliona pindo alilolipinda kwa mkono wake mwenyewe. Alirudi nyumbani. Hata chakula hakula. Alikuwa anakwenda dirishani na kurudi, dirishani na kurudi, na dada mkubwa akamwambia, "Kaa basi, unanitia kizunguzungu."

Akajibu, "Dada, nimekaa vya kutosha."

Kesho yake alirudi kwenye jengo lile mikono mitupu. Mlinzi akamzuia.

"Unakwenda ofisi gani, mama?"

"Siendi ofisi. Nakwenda ghorofa ya nne."

"Una nini huko?"

"Sina kitu. Nikifika nashuka."

Mlinzi alifikiri ana upungufu wa akili, akamwacha. Siku hiyo alifika ghorofa ya pili na vidato vitatu. Siku iliyofuata vidato vitano. Aliweka alama kwa chaki ya fundi pembeni mwa ngazi, mahali alipoishia, na wafagizi wakazoea kutoifuta. Ghorofa ya nne aliifikia tarehe 6 Julai 2010, akagonga mlango wa yule karani, bibi harusi wa zamani, akamwambia, "Nimekuja kuona pindo." Gauni lilikuwa limeshakunjwa sandukuni miezi miwili. Wakacheka wote, akashuka.

Mwaka uliofuata akaingia jimu. Alijishonea suruali yake mwenyewe, pana, ya kitambaa cha mapazia kilichobaki, kwa sababu zile za dukani alisema zinamwambia kila mtu habari za nyumbani. Siku ya kwanza kijana mmoja mwenye shingo nene alimwona pale na suruali ile, akamkabidhi kitambaa cha kufutia akamwonyesha mashine zenye jasho. Marehemu akaifuta mashine ya kwanza vizuri kabisa, akamrudishia kitambaa, akakaa juu ya mashine. "Haya, nifundishe. Nimeisafisha mwenyewe." Binti yake alitaka habari hii ya kitambaa iondolewe kwenye wasifu, alisema inamdhalilisha mama. Haikuondolewa. Kijana yule ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza, na ndiye aliyembebea jeneza leo upande wa mbele kulia. Ndiye pia aliyemwambia, baada ya miaka miwili, "Mama, watu wazima wakija wanakuuliza wewe, hawaniulizi mimi. Kasome upate cheti."

Akaenda kusoma. Miezi sita, darasa la watu ishirini na moja, na aliyemkaribia kwa umri alikuwa mdogo kuliko mtoto wake wa mwisho. Mifupa na misuli ina majina marefu, na marehemu alikuwa mtu wa darasa la saba. Alipita njia yake. Mahali mkufunzi alipopaita jina la kigeni, yeye alipaita mkono unapounganishwa na kifua, pale ambapo ukikaza uzi mwenye nguo hawezi kumpungia mtu. Usiku na mchana aliyarudia yale majina akizunguka meza, mpaka dada mkubwa, ambaye hakuyataka, akayajua naye. Cheti alikabidhiwa tarehe 22 Novemba 2013, akiwa na miaka hamsini na sita, mkufunzi binafsi wa mazoezi ya mwili. Alikuja nacho nyumbani amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba uji wa moto.

Dada mkubwa alikuwa anachambua mboga. Akakitazama. Akasema, "Watu watakulipa uwatoe jasho? Si wakalime?"

Tena akasema, "Nimekupa kiti cha mama yetu, wewe unakipiga teke."

 Marehemu alikitundika cheti ukutani juu ya cherehani, akatoka kwenda kuzunguka mtaa. Cherehani hakuiacha kabisa. Alishona asubuhi akafundisha jioni, kisha akafundisha asubuhi akashona jioni, mwishowe alishona akibaki na nafasi.

Kazi yake aliifanya kwa watu ambao jimu haiwataki. Waliovunjika nyonga, waliopooza upande, wajane walionenepa kwa kukaa, wastaafu. Aliwafuata majumbani mwao na mfuko mmoja. Ndani ya mfuko mlikuwa na chupa mbili zilizojazwa mchanga, tepu, chaki na kitabu cha oda. Hakuwapima kwa mzani. Aliwapima kwa tepu kama watu wa kushonewa, bega, kifua, kiuno, nyonga, akaandika tarehe, na kwenye ukuta wa kila mmoja akachora kistari cha chaki pale mkono ulipofika. Na hakuhesabu kwenda mbele. Alihesabu kurudi nyuma. Kumi, tisa, nane. Alisema ukihesabu kupanda hujui utaishia wapi, ukihesabu kushuka unajua unakwenda nyumbani. Ila mkifika moja, mtu ameshafurahi, ndipo anasema "Tena!" Ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Bi Tena, na wengine wakalisema kwa kusaga meno.

Mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye yuko hapa leo, alikuwa mtu wa kuinuliwa na watu wawili. Marehemu alimwekea kiti katikati ya sebule akamwambia, "Mwalimu, kiti si cha kukalia. Kiti ni cha kuinukia. Kukaa ni kujitayarisha tu."

"Na nikianguka?"

"Utaanguka juu yangu. Mimi ni mnene bado."

Mwalimu aliinuka peke yake tarehe 30 Machi 2016. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kabati, akafungua, akasahau alichokuwa anatafuta, akafunga. Alisema ile ilikuwa safari tamu kuliko zote alizowahi kufundisha kwenye ramani. Tangu hapo wakaongezeka, na kufikia mwaka 2019 walikuwa kumi na mmoja wanaokuja uani kwetu kila asubuhi isipokuwa Jumapili, saa kumi na mbili na nusu, viti kumi na moja kwa mstari. Dada mkubwa aliwatazama kwa dirisha la jikoni. Aliwachemshia maji, maana wageni ni wageni. Kutoka nje hakutoka.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa aliyevunjika ni mkuu. Tarehe 14 Oktoba 2021 dada mkubwa aliteleza bafuni akaangukia bega la kulia, na baada ya bendeji kufunguliwa mkono ukawa hauvuki sikio. Miezi mitatu alikataa kusaidiwa. Alichana nywele kwa mkono wa kushoto, akatoka na njia ya nywele imepinda kama mto. Kilichomshinda ni kitambaa cha kichwa. Kukifunga kunataka mikono miwili nyuma ya kisogo, na mwanamke aliyelea mtu hatoki kichwa wazi. Asubuhi moja ya Januari akasimama mlangoni na kitambaa mkononi.

"Nifunge."

Marehemu akamfunga. Akasema, "Leo nimekufunga. Kesho utajifunga."

"Na kesho je nikishindwa?"

"Utakaa ndani."

"Una kiburi wewe mtoto."

"Nimelelewa nacho, Dada."

Akachukua chaki sikioni, akamwinua mkono taratibu kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, ule ubao wa pembeni, akachora kistari. 17 Januari 2022. Kisha, juu sana kuliko kile, akachora kingine kirefu, hakuandika tarehe. "Hicho ni chako. Utakifuata mwenyewe." Kila wiki kistari kipya. Kila wiki dada mkubwa alitukana na kila wiki alipanda upana wa kidole, wiki nyingine nusu ya kidole. Kitambaa alijifunga mwenyewe tarehe 9 Juni 2022. Akatoka nacho mpaka sokoni na hakumshukuru mtu, na marehemu hakudai.

Sasa tunafika mahali ambapo watu mnanong'ona, kwa hiyo pasomwe kwa sauti.

Mwezi wa Septemba 2023 marehemu alianza kupungua. Alijipima kwa tepu kila Jumamosi, mambo ya mafundi, akaandika kwenye kitabu cha oda kiuno chake kama cha mteja. Kikashuka inchi moja, kisha mbili, kisha tatu na nusu. Alifurahi. Wanafunzi wake walifurahi. Kila aliyempita alimwambia amekuwa msichana. Tepu ilisema kweli wiki hadi wiki, na sisi tukaisoma kama sifa. Mafundi wawili nyumba moja, na hakuna aliyejiuliza nguo inapwaya kwa nini. Maumivu ya mgongo alisema ni ya kuinama. Chakula kilimkinai, akasema ni uzee. Alizidi kutembea. Mtu anayeumwa na hajijui hatulii, anatafuta mahali pa kuliweka lile umivu.

Dada mkubwa aliona lakini aliona vibaya. Jumamosi tarehe 18 Novemba 2023, watu wote kumi na mmoja wakiwa viti vyao uani, marehemu aliinama kuokota chupa na hakuinuka haraka. Dada mkubwa akatoka jikoni. Miaka minne hakuwahi kukanyaga uani saa ile, siku hiyo akatoka. Akawaambia, "Mazoezi haya yatamuua mdogo wangu. Na ninyi mnamla mzima mzima, hamna haya. Nendeni makwenu mkakae!"

Marehemu akasema kwa chini, "Dada, rudi ndani."

"Sirudi. Mimi ndiye niliyekudaka."

Mwalimu mstaafu akainuka, peke yake, akasema, "Bibi, mimi nilikuwa nimekaa. Ndiko nilikokuwa nakufa."

Lakini wengine waliondoka. Maneno ya dada wa damu ni mazito kuliko ya mwalimu. Wiki ile yalifika sokoni na kituo cha afya, na yaliporudi yalikuwa yameota pembe, kwamba Bi Tena anajiua, kwamba mazoezi ya uzeeni yanakula maini, kwamba hata dada yake amethibitisha. Wakaja sita, wakaja wanne, na kufikia mwaka mpya akabaki mwalimu mmoja. Marehemu aliendelea kupanga viti vyote kumi na moja. Alikuwa anavibeba kimoja kimoja, akiwa na ugonjwa ule tumboni, anavipanga, anamfundisha mtu mmoja, anavirudisha. Dada mkubwa aliyaona hayo yote kwa dirisha la jikoni.

Tarehe 23 Januari 2024 hospitali ilitoa jibu. Ilikuwa saratani ya kongosho, na ilikuwa imeshatembea. Dada mkubwa alimuuliza daktari uso kwa uso, mbele ya binti wa marehemu ambaye ni shahidi, "Ni mazoezi?" Daktari akasema, "Hapana, mama. Ugonjwa huu mazoezi hayakuuleta. Na kama si mwili alioujenga, dawa tunazotaka kumpa asingezihimili hata wiki." Dada mkubwa akauliza mara ya pili. Akajibiwa vile vile. Mara ya tatu daktari akamletea maji ya kunywa.

Walirudi nyumbani. Usiku marehemu akasema, "Dada, yale maneno yako utayarudisha?"

"Maneno yakishatoka hayarudi, unajua."

"Yanarudi. Yana miguu, si yalikwenda mpaka sokoni?"

"Nitaona."

Aliulizwa tena mwezi wa Machi, na tena Mei. Nitaona, nitaona. Ilikuwa njia fupi tu, nyumba kumi za wale walioondoka. Dada mkubwa alijifunga kitambaa mara mbili akafika getini, na mara mbili akarudi, kwa kuwa mtu mzima aliyesema jambo mbele ya watu kumi na mmoja hajui aanzie wapi kulifumua. Fundi yeyote atawaambia kushona ni rahisi kuliko kufumua.

Marehemu alilazwa tarehe 28 Mei. Wodini hakutulia. Aliwahesabia wagonjwa wa vitanda vya jirani kukunja na kukunjua vidole, kumi, tisa, nane, na muuguzi akalalamika kwamba wodi nzima inasema "Tena!" wakati daktari anapita. Siku ya mwisho, Jumapili tarehe 16 Juni 2024, mchana, alimwambia dada mkubwa, "Inua." Hapakuwa na mlango karibu. Dada mkubwa akainua mkono ule wa kulia kandokando ya kitanda mpaka ulipogoma. Marehemu akafumba jicho moja, kama anapima pindo. "Bado vidole viwili." Watu hupenda kusikia neno la mwisho la mtu. Lake lilikuwa kuhusu mto wa hospitali. "Mto huu umeshonwa vibaya." Na kweli, ulikuwa umeshonwa vibaya. Alifariki saa tisa na robo alasiri, akiwa na miaka sitini na sita, mguu mmoja nje ya shuka.

Ametanguliwa na wazazi wake na mume wake. Ameacha dada mmoja, binti mmoja, mtoto mmoja wa kiume, mkwe wa kike na wa kiume, wajukuu watano, mwalimu mstaafu mmoja anayesimama, cherehani ya mama, na vistari vya chaki kwenye kuta za watu wengi, ambavyo familia inaomba visifutwe hata mkipaka rangi.

Na haya yaandikwe kwenye karatasi hii ili kila mtu aende nayo nyumbani kwake. Maneno ya tarehe 18 Novemba yalisemwa na dada yake mkubwa, na hayakuwa kweli. Mazoezi hayakumuua marehemu. Kukaa ndiko kulikotaka kumuua, tangu mwaka 2007, na aliyekuwa anampakulia na kumwambia akae ni huyo huyo dada. Alisema kwa hofu, kisha akanyamaza kwa kiburi, na mdogo wake amekufa akibeba viti kumi na moja kwa ajili ya mtu mmoja. Maneno yale yanarudishwa leo, hapa, mbele ya jeneza, mbele ya watu wengi kuliko walioyasikia. Walioyapokea wayaachie hapa makaburini.

Jumatatu tarehe 24 Juni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, viti vitapangwa uani kama kawaida. Mwalimu mstaafu atahesabu, na atahesabu kwa kushuka. Mwaka huu viti ni kumi na viwili, kwa sababu dada mkubwa ana vidole viwili vya kumalizia kufikia kistari chake, na hana mtu wa kumwekea alama nyingine. Wanaojijua waje. Hawataulizwa walikuwa wapi.

Walioona kwamba tangu wasifu huu uanze kusomwa dada mkubwa amesimama, na ameshakataa viti viwili, tafadhali wasimletee cha tatu.

Mungu ampokee Bi Tena kwa amani. Na kupumzika, ambako hakuwahi kukuweza hata siku moja, akufundishwe huko huko alikokwenda, taratibu, kidole kimoja kila wiki.